Mkono Mmoja Ukutani

Baba yangu alikuwa kondakta wa basi, na tuliishi Thornton Heath, huko Uingereza, juu ya duka la viatu. Tulitoka Unguja miaka michache baada ya mapinduzi, nami nikiwa na miaka minane. Kuogelea nilikujua toka kwetu, maana shangazi zangu walikuwa wakiingia baharini na kanga zao na kutuburura sisi watoto hadi tukajua wenyewe. Kwa hiyo siku shule ilipotupeleka bwawani Croydon, wenzangu wakigawiwa maboya, mie nilishakwenda ng'ambo na kurudi.

Wiki ile ile akaja nyumbani kuniombea nijiunge na timu kocha wa pale, mama wa Kizungu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kuita watu wa mbali. Mama alimpa kahawa na visheti. Kiingereza cha mama kilikuwa bado cha sokoni, basi nikawa mkalimani.

"Mwambie," mama akasema, "mtoto wangu wa kike hendi kutembea uchi mbele za watu."

Nikamgeukia kocha: "Mama anasema ahsante sana, anaomba muda wa kufikiri."

Baba, aliyekielewa Kiingereza vizuri, akapaliwa na kahawa.

Walibishana siku nne. "Si uchi, ni nguo ya kuogelea," baba akisema. "Hiyo nguo yenyewe iko wapi?" mama akimjibu. Mwisho wakakubaliana: baba atanipeleka mwenyewe, atanirudisha mwenyewe, nami nitajifunga taulo mpaka ukingoni mwa maji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka saba. Saa kumi na moja alfajiri ananigonga bega, tunatoka kizani na pumzi zetu zinafuka moshi. Mie nahesabu mizunguko majini, yeye juu kwenye viti vya watazamaji na sare yake ya kazi, koti mpaka kidevuni, akisinzia. Nilimjua amelala kwa kofia yake ilivyoanguka mbele. Tukitoka tunakula maandazi kituoni, nywele zangu zikigandamana kwa baridi, harufu ya dawa ya maji haitoki hata ukikoga mara tatu. Hakuna chakula nilichowahi kula kikanikolea kama yale maandazi.

Mtindo wangu ulikuwa wa chura. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nikafika fainali ya mashindano ya kanda, na msichana mmoja mrefu wa kaskazini ya mji ndiye aliyeniogopesha. Mita za mwisho sikumwona tena. Niligusa ukuta, nikainua kichwa, nikamsikia baba, mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa, anapiga kelele kwa Kiswahili katika ukumbi mzima wa Waingereza: "Huyo wangu! Huyo wangu!"

Kisha mwamuzi akainua mkono. Kwenye mtindo ule sharti uguse ukuta kwa mikono miwili pamoja. Kwa pupa ya kufika, nilitanguliza mmoja.

Nikapanda ngazi kwa baba, taulo mabegani. "Baba, wamenitoa."

"Wamekutoa wapi? Umefika wa kwanza, nimekuona kwa macho yangu."

Hakunisubiri nieleze. Akavaa kofia yake ya ukondakta, akateremka moja kwa moja kwa mwamuzi, mzee mwembamba mwenye shati jeupe. Niliona aibu nikataka kurudi chini ya maji. Kwa mbali nikawaona wanazungumza. Yule mzee akanyoosha mikono yote miwili hewani, kisha mmoja. Baba naye akanyoosha yake, kama anayejifunza. Wakapeana mikono.

Aliporudi akakaa karibu yangu. "Nimemwuliza ameona nini, na amesema kweli," akasema. "Mkono mmoja." Halafu akavua kofia: "Lakini ulikuwa wa kwanza kufika. Hilo nalo kweli."

Nililia mpaka nyumbani. Mama alinifungulia mlango, akanitazama, akanipa wali na mchuzi wa nazi.

Niliendelea kushindana, na nilishinda, lakini si sana. Nilipofika miaka kumi na tisa bega la kulia likaharibika. Daktari akasema nipumzike mwaka. Mwaka ukawa miaka. Sikuweza hata kulitazama bwawa. Ajabu ni kwamba kazi niliyoipata ilikuwa mapokezi ya bwawa, huko Harrow: kukata tiketi, kupokea simu, kuandika ratiba. Nikapanda polepole, msimamizi wa zamu, kisha naibu meneja, kisha meneja mwenyewe, na suti na fungu la funguo. Maji nayaona kwa kioo tu.

Asubuhi moja mama mmoja wa Kihindi, mwenye sari na koti la sufu, alisimama mbele yangu pale mapokezi, akaisikia lafudhi yangu, akahamia Kiswahili pale pale. Alikuwa wa Mombasa.

"Mwanangu, hapa hamna saa ya wanawake peke yao?"

"Hamna, mama."

"Wewe si ndiye mkubwa? Basi weka."

Wakubwa zangu walisema hatakuja mtu. Nikawaomba Jumanne asubuhi, saa ambazo bwawa lilikuwa tupu hata hivyo. Tukatundika mapazia kwenye vioo vyote, nikamtafuta mlinzi wa kike wa kuangalia waogeleaji. Jumanne ya kwanza walikuja sita. Baada ya mwezi, foleni ilitoka nje ya mlango: Wahindi wa Kampala na Nairobi, Waswahili wa pwani, wauguzi wa Kikenya waliomaliza zamu.

Nilikuwa nimesimama ukingoni na suti yangu, natazama, yule mama wa Mombasa aliponiita toka majini, maji yakimfika kifuani.

"Na wewe mbona umekauka hapo kama nguzo?"

"Bega langu bovu, mama."

"Na langu. Na la huyu. Ingia."

Wiki iliyofuata nilikuja na nguo ya kuogelea. Niliingia taratibu, nikalala chali, masikio ndani ya maji. Kiswahili na Kigujerati vikanijia kwa mbali, watu wakicheka. Sikuhesabu mizunguko. Nilikaa hivyo mpaka mlinzi akapuliza filimbi kwamba saa imekwisha, nami, meneja, nikawa wa mwisho kutoka.