Mkebe niliomnyang'anya Mercy jikoni kwangu

Wakuu, niaje. Hii sijawahi kuiandika popote. Ni kweli yote, hata pale inaponiaibisha.

Mapema 2008 nilikuwa mpishi wa shule ndogo huko Mashimoni, Kibera. Mimi ni mtu wa Kitui, kwa githeri, mahindi na maharagwe, msinichezee. Watoto waliita jiko langu hoteli.

Shule ilipofunguliwa baada ya fujo za uchaguzi, nusu ya watoto hawakurudi. Soko la Toi lilikuwa limechomwa, mboga ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Bado nilijitahidi sufuria isikose karoti na sukuma.

Wafadhili wa lunch program ya shule walikuwa na sheria moja: chakula hakitoki getini. Na kila Ijumaa tulipima mikono ya watoto kwa utepe, tuone kama wananona.

Mkono wa Mercy, msichana wa class three, ulizidi kukonda. Nikamwongezea githeri. Wapi! Niliona kama upishi wangu unatukanwa.

Siku moja nikamvizia. Alikula vijiko viwili, nyingine akamimina kwa mkebe wa siagi aliouficha ndani ya sweta.

Nikamnyang'anya mbele ya wenzake. "Chakula ya hapa inamalizwa hapa. Unabebea nani?"

Nikarudisha githeri kwa sahani, nikamsimamia mpaka akamaliza. Alikula akilia.

Na mimi, wakuu, nilienda nyumbani nimeridhika kabisa. Nilidhani nimeokoa mtoto.

Kesho yake hakuja. Wiki ikaisha. Nikauliza kwao, nikaelekezwa Makina, ambako jamaa yao alikuwa amewapa chumba baada ya nyumba yao kuungua. Nilimkuta mamake ameketi mlangoni. Kabla ya fujo alikuwa anauza mitumba Toi.

Akaniambia Kevo, mdogo wake Mercy, walimzika Jumatano. Alikuwa na miaka mitatu. Alihara siku mbili tu, mwili haukuwa na nguvu.

"Mercy ndio alikuwa anamletea chakula," akasema. "Aliniambia huko shule mnawapea sahani mbili mbili. Halafu siku moja akakuja mkono mtupu, akakataa kurudi."

Nikasema pole. Habari ya mkebe sikumwambia. Sijamwambia hadi leo.

Jumatatu Mercy akarudi. Alikula yote, akaniletea sahani imepanguswa safi.

"Nimemalizia hapa, auntie."

Ijumaa utepe ukaonyesha amenona kidogo. Mwalimu akafurahi sana. Mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamlazimisha mtoto kumaliza sahani, muulize kwao nani hajakula. Muulize pole pole, akiwa peke yake. Sijui kama Kevo angepona. Najua tu sikuuliza vizuri.

Mkebe bado ninao. Mliopikia watoto wakati ule, nyinyi mngefanyaje? Andikeni tu, hata mkinitukana nitasoma.