Cheti cha Kesho

Simu ilipolia, mikono ya Afiya ilikuwa imezama ndani ya unga. Ilikuwa alfajiri ya Jumanne, karai la mafuta liko motoni, na wanunuzi wa mahamri pale Mambrui hawana subira. Akainama kuitazama simu juu ya kigoda, akaona jina: Kaka Harith. Akatabasamu. Huko Uingereza aliko kaka yake, ulikuwa bado usiku. Akabonyeza kwa kisugudi, na kabla hajasalimiwa akasema, "Leo umekosa usingizi, au mkeo amekufukuza kitandani?"

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya Mahira, mke wa Harith. "Afiya, keti kwanza. Baba yu karibu?"

Wapo wasemao kuwa moyo huijua habari ya msiba kabla haijasemwa. Moyo wa Afiya haukujua kitu. Aliketi kwa sababu ameambiwa aketi. Mahira akamweleza kwamba Harith alibanwa na kifua jioni akirejea kazini, akafikishwa hospitali, na saa sita ya usiku kwa saa za kwao Mola akaichukua amana yake. Mahamri yaliyokuwa karaini yakaungua hadi yakawa meusi, na Afiya akayatazama yanavyoungua.

Mzee Abdillahi alikuwa bado juu ya msala, tasbihi mkononi. Alimsikiliza bintiye hadi mwisho, akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuun." Kisha akauliza, "Watamzika wapi?"

"Huko huko Leicester, baba. Kesho."

"Basi kesho nitamzika nami," akasema mzee.

Watu waliomsikia walidhani huzuni imemzidi. Afiya alimwelewa. Baba yake alikuwa anaizungumzia kompyuta.

Kompyuta ile aliileta Harith alipokuja likizo miaka mitatu nyuma, kioo chake kipana kama sinia. Aliileta kwa sababu ya mtoto wa jicho aliyemfunika baba yao macho yote mawili, akabakiwa na mwanga wa kuona vitu vikubwa tu. Kwenye kioo kile herufi moja iliweza kukuzwa ikawa kama kidole gumba. Hapo ndipo mzee alisoma gazeti, akatazama darsa za dini, na kila Ijumaa akauona uso wa mwanawe. Simu kwake ilikuwa giza lenye sauti.

Na kila ilipogoma, Harith aliitengeneza kwa mdomo, akiwa huko huko. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za shule moja, na subira yake haikuwa na kifani. Afiya alikuwa mtu wa pupa. Tangu mama yao atangulie mbele ya haki, yeye ndiye aliyeishika nyumba: mahamri alfajiri, kudarizi kofia mchana, kumpima baba sukari jioni. Mtu wa namna hiyo hana wakati wa kusoma maonyo ya kompyuta. Alikuwa akipiga simu na kusema, "Kaka, limekufa hili dude lako."

"Halijafa. Umeona nini?"

"Nadhani ni virusi."

"Sikukuuliza unadhani nini. Nisomee ulichoandikiwa, neno kwa neno."

Naye husoma kwa hasira, na katikati ya kusoma, mara nyingi, jibu hujitokeza lenyewe. Harith akacheka, akasema, "Si umeona? Umelitengeneza mwenyewe."

Jumatano nyumba ilijaa. Wanaume walikuwa barazani wakisoma Yasini, wanawake ndani pamoja na shangazi Tumu, dada wa Mzee Abdillahi. Saa saba na nusu za mchana ujumbe wa Mahira ukaingia. Watu wa pwani waishio Leicester wamefungua tovuti mpya mchana ule ule kwa ajili ya msiba, na mazishi yataonyeshwa humo moja kwa moja. Swala ni saa tisa na nusu kwa saa za Kenya, hapo hapo makaburini, kisha wanamzika.

Afiya akabonyeza kwenye simu. Ikafunguka mara moja: picha ya Harith amevaa kofia aliyomdarizia yeye, jina lake, na saa ya mazishi. Akakimbilia chumba cha baba yake, akaiunganisha kompyuta na mtandao wa simu ile ile, akaandika anwani ile ile.

Kompyuta ikakataa. Kioo kilijaa weupe, pembetatu nyekundu juu, na onyo chini yake. Akarudia, ikakataa tena. Akajaribu gazeti, likafunguka. Akajaribu darsa, ikafunguka. Akarudi kwenye tovuti ya msiba, weupe.

"Imefika?" akauliza mzee kutoka kitini. Alikuwa amekwisha kutawadha, amevaa kanzu safi.

"Bado kidogo, baba."

Shangazi Tumu akachungulia mlangoni. "Abdillahi, maiti husitiriwa. Hatazamwi kama sinema."

"Tumu, mimi siendi sinema," akasema mzee. "Naenda kumzika mwanangu. Nipishe."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya leso, akarudi kwa wanawake.

Ndipo alipoingia Kalama. Huyu alikuwa Mgiriama wa Tezo, aliyesoma dawati moja na Harith, na sasa ana kibanda Malindi mjini ambamo hufufua redio, simu na kompyuta. Alikuwa Mkristo, lakini katika nyumba ile hakuna aliyeikataa hodi yake tangu utotoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kalama. Mwenzio ametuacha."

"Nimesikia, baba. Sina la kusema."

"Usiseme, basi. Tazama hiyo kompyuta."

Kalama akavua viatu, akaketi, akakunja mikono ya shati. Akaizima na kuiwasha. Akafuta kumbukumbu za kivinjari. Akaleta kivinjari kingine kabisa, nacho kikaonyesha weupe ule ule. Akazima programu ya kukinga virusi, akajaribu, akairudisha.

"Tovuti yenyewe mbovu," akasema.

"Simu inaifungua. Na mtandao ni huo huo mmoja."

"Basi ubovu uko humu humu. Imeanza lini?"

"Mwezi jana. Si tovuti zote. Wiki iliyopita asubuhi iliikataa ile ya darsa, jioni ikafunguka yenyewe. Nikamwambia Kaka, akasema Ijumaa tutaitazama pamoja."

Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Virusi tu hivi," akasema Kalama. "Tufute kila kitu, tuiweke upya."

"Itachukua muda gani?"

"Saa mbili. Tatu."

"Kalama, saa mbili zijazo atakuwa kaburini."

Kalama akakuna kichwa. "Sasa, dada yangu, ulitaka niiombee?"

"Ukijua kuombea, omba. Nipishe kidogo nikae."

Akaketi yeye. Hakuwako wa kumpigia simu. Akavuta pumzi, akatafuta chini ya lile onyo sehemu ya maelezo ambayo siku zote huifunga bila kuitazama, akaikuza, akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayemsomea mtu upande wa pili wa simu.

"Tovuti hii imeshindwa kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Cheti chake cha usalama kinadaiwa kuwa kimetoka kesho."

"Kimetoka wapi?"

"Kesho."

Kalama akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Nyinyi watu wa Mambrui hamkosi mambo. Hata kompyuta yenu yapiga ramli."

"Nyamaza, nisome. Tarehe ya kompyuta yako ni Jumatano. Je, ni sahihi?"

"Leo Jumatano. Sahihi."

"Tarehe ya mwezi?"

"Sahihi. Na saa?"

Afiya akatupa jicho pembeni ya kioo. "Nane na dakika arobaini na moja."

Kalama akatazama saa yake ya mkononi, ya mishale. "Sawasawa kabisa. Nane na arobaini na moja. Saa haina kosa."

Hivyo wakaipita. Kalama akaanza kueleza alivyozoea kuwaeleza wateja wake: kila tovuti ina cheti, kama kitambulisho, kilichoandikwa siku na saa kinapoanza kazi na siku kinapokwisha. Kompyuta hukisoma kwanza. Kikiwa kimekwisha, haifungui. Kikiwa hakijaanza, haifungui. "Sasa hii yenu imefunguliwa leo mchana, kwa hiyo cheti chake ni cha leo. Kompyuta inajua ni leo. Kwa nini iseme kesho? Hapo ndipo nimekwama."

Barazani Yasini ilikwisha, ikaanzwa tena. Mzee Abdillahi alikuwa ameelekeza uso kwenye ule weupe wa kioo, akingoja.

Afiya akaichukua simu aone muda uliobaki. Simu ikaonyesha 14:52. Akilini, kama anavyofanya kila mtu wa pwani tangu alipojua kusoma saa, akaondoa sita: saa nane na dakika hamsini na mbili. Akainua macho kwenye kompyuta. Pale palikuwa na 8:52, saa nane na dakika hamsini na mbili.

Akatazama simu tena. Akatazama kompyuta.

"Kalama," akasema taratibu, kwa kuogopa wazo lisije likamponyoka. "Ile saa ya pembeni. Nimeisoma bila kuondoa kitu."

"Kuondoa nini?"

"Simu yasema kumi na nne, mimi nasema nane. Kompyuta nayo yasema nane, na mimi nasema nane. Mashine hii haiko Mambrui, Kalama. Kwa mashine hii nane ni saa mbili ya asubuhi."

Kalama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Iko nyuma saa sita," akasema. "Inadhani bado ni asubuhi. Cheti kimetolewa mchana. Kwake yeye, mchana haujafika, na cheti cha saa isiyofika hukiita cha kesho."

"Na ile ya darsa, labda ilipewa cheti kipya asubuhi ile, ikafunguka jioni kwa sababu jioni ndipo asubuhi hiyo ilipofika kwake."

"Na hii ingefunguka yenyewe jua likitua." Alikuwa amesimama sasa, anatembea chumba kizima kwa hatua tatu. "Nimeiangalia, Afiya. Nimeiangalia kwa macho yangu nikasema sawasawa. Miaka kumi na miwili ya ufundi."

Afiya akamgeukia baba yake. "Baba, nani ameigusa saa ya kompyuta?"

"Mimi," akasema mzee, bila wasiwasi wowote. "Ilikuwa inasema uwongo."

"Uwongo gani?"

"Saa kumi na tatu. Saa kumi na sita. Nani amewahi kuswali Alasiri saa kumi na sita? Miaka ishirini na sita nilipiga kengele ya zamu kwenye kiwanda cha chumvi kule Marereni, na hapana siku hata moja mtu alichelewa kwa sababu yangu. Harith alinionyesha mahali pa mipangilio, nikaikuza, nikaiweka sawa. Ikawa yarudi kwenye uwongo wake, nikazima kile kiswichi cha kujirekebisha. Tangu hapo imetulia, na usiku siiwashi."

Kalama alilazimika kuutazama ukuta.

Afiya hakucheka wala hakulia. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye mipangilio. Akakiwasha kile kiswichi, na tarakimu za pembeni zikaruka: 14:58. Akaandika anwani, akasema bismillahi, akabonyeza.

Kwanza weupe. Kisha, kuanzia juu kuja chini, ikashuka ile kofia, kipaji cha uso, macho, na meno ya Harith anayecheka, uso mkubwa kama ulivyokuwa kila Ijumaa.

Mzee Abdillahi akasogeza kiti. "Huyo ndiye," akasema. "Namwona." Akanyoosha mkono akaugusa mkono wa bintiye. "Umeitengeneza mwenyewe?"

"Naam, baba."

"Mungu akuzidishie. Lakini wakishamaliza mnirudishie saa yangu."

Afiya akatoka mbio hadi barazani, leso ikimponyoka begani, akawaita waliotaka kuona. Wanaume wakajipanga upande mmoja wa chumba, wanawake mlangoni, na shangazi Tumu akaja mbele akaketi sakafuni karibu na miguu ya kaka yake. Hakuna aliyemkumbusha aliyoyasema.

Saa tisa na nusu picha ikaanza kutembea. Leicester kulikuwa na mvua nyembamba. Watu kama arobaini walisimama safu tatu juu ya majani, wamevaa makoti mazito juu ya kanzu. Imamu akapiga takbiri nne, akatoa salamu. Mahira alionekana kwa mbali na wanawake wengine, chini ya mwavuli.

Watu wanne wakashuka kaburini wakampokea Harith, amevikwa sanda. Mzee akaomba picha ikuzwe, Afiya akaikuza hadi ikajaa kioo.

"Wamemlaza ubavu wa kulia?"

"Wa kulia, baba. Ameelekea kibla."

"Bismillahi wa ala millati rasulillah," akasema mzee, na waliokuwa chumbani wakasema naye. Kalama aliinamisha kichwa.

Mbao zikapangwa. Kila mtu akatia udongo mara tatu kwa mikono, kisha wakachukua majembe. Ilichukua kama robo saa. Kaburi lilipoinuka, mzee mmoja wa Lamu akaketi kichwani pake akasoma talakini ya kumkumbusha maiti majibu ya kaburini, kisha akaomba dua, wakaitikia amina huko na huku. Halafu watu wakamshika Mahira wakamwongoza kwenye gari, na wengine wakaondoka mmoja mmoja, hadi pakabaki kaburi peke yake na mvua.

Mzee Abdillahi akangoja hadi picha ilipokatwa. Kisha akasimama, Kalama akamshika mkono hadi kizingitini pa msikiti, na wanaume wakaingia kuswali Alasiri, na baada yake swala ya maiti aliye mbali. Nyumbani, Afiya akatandika msala na kuswali vivyo hivyo, shangazi Tumu ubavuni mwake: takbiri nne, bila kurukuu wala kusujudu, na salamu kulia na kushoto.