Nyongeza Zisizoomba Ruhusa

Mama yangu na kaka yake hawakuwa wakisemeshana tangu mjomba alipouza shamba la lukolo, ardhi ya ukoo wa upande wa mama kule juu Uluguru. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kilionekana kina mnunuzi. Mama akiamua kununa, hununa kama anayelipwa mshahara. Nilimaliza chuo, nikapanga chumba mjini, mtaa wa Mafiga, na kuanza kazi ya kuandika programu za kompyuta, yeye bado amenuna.

Kisha mjomba akalazwa Dar es Salaam. Akatuma salamu kwamba anataka kumwomba dada yake msamaha. Mama akakataa simu ya kawaida.

"Msamaha wa sauti tupu siutaki," aliniambia. "Nataka nimwone macho."

Akashuka mlimani, akaketi mbele ya kompyuta yangu amevaa kanga mpya. Kule hospitali, binamu yangu alimshikia mjomba simu yenye video.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada yangu. Nilikukosea. Lile shamba..."

Picha ikaganda, halafu ikapotea.

Bando lilikuwa limekwisha, nami nilijiunga asubuhi ile kwa ajili ya mazungumzo hayo tu. Kilichokula bando kilikuwa nyuma ya uso wa mjomba: programu ninayoandikia kazi zangu. Ndani yake kuna kitengo cha kuleta nyongeza, mafaili mazito ya programu za ziada, kutoka mtandaoni, na miaka yote kiliniuliza kwanza kama kishushe au kisishushe. Wiki ile nilikuwa nimeweka toleo jipya. Humo, katikati ya maelezo marefu, waungwana fulani wa mbali walikuwa wameamua kwamba sasa kitashusha chenyewe, mwenye mashine apende asipende. Kwao intaneti ni kama hewa. Nilitukana mbele ya mama, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Nilikimbia kununua vocha. Niliporudi, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha na simu ya binamu imezimwa. Mjomba akafariki kabla ya alfajiri.

Binamu alinisimulia baadaye. Skrini ilipozimika, mjomba aliitazama kwa muda, akasema, "Amekata. Ana haki." Akaambiwa ni mtandao, hakusadiki. Akageukia ukutani.

Wenzangu wa fani hunieleza kwamba ule mpangilio unarekebishwa kwa mstari mmoja. Najua, nimeurekebisha. Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe.

Mwili tuliupandisha mlimani. Kabla sanda haijafungwa usoni, wanawake wa familia waliitwa kumwona. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama hakulia. Alipiga magoti, akamwinamia sikioni.

"Kaka, sikukata mimi."

Akangoja. Akarudia, safari hii kwa sauti ambayo kila aliyekuwa uani aliisikia, akabaki ameinama pale mpaka wazee wakaomba mwili utolewe.