Kilo Tatu za Karani

Nilifika Ipole juu ya lori la asali, nikiwa na nia ya kukaa siku mbili. Nilikuwa nimetoka Usinge, na kabla ya hapo Ulyankulu, na kote huko niliondoka bila sababu ya maana. Kilichonizuia ni bani la kukaushia tumbaku ambalo mlango wake ulikuwa wazi. Ndani, mahali pa kuning'iniza majani, lilining'inia bawa la ndege.

Mwenye bani alikuwa mzee mfugaji nyuki, fundi mstaafu wa malori. Alinunua ndege ndogo ya viti viwili ikiwa vipande ndani ya makasha, akawa anaiunganisha mwenyewe. Miaka mitatu kabla ya hapo moto ulikuwa umeila mizinga yake karibu yote, na alichotaka ni kuuona moshi kutoka juu kabla haujawa moto mkubwa. Mikono yake iliweza kila kitu isipokuwa fomu. Ofisi ya anga haisajili ndege ya kujiundia bila daftari linaloonyesha nani alikaza nini, lini, na picha yake. Kwa miaka miwili mzee alikuwa amejaza kurasa nne.

"Wewe maswali yako hayaishi," aliniambia siku ya tatu. "Basi na majibu uandike wewe."

Niliishia darasa la sita. Kwa kuwa sikujua lipi ni muhimu na lipi si muhimu, niliandika yote: boliti iliyokataa kuingia, gundi iliyokauka upesi kwa joto, hata siku nyuki walipohamia kwenye mkia tukasimamisha kazi. Nilikaa miezi minane.

Fomu ya mwisho ilidai uzito wa ndege katika kila gurudumu. Magurudumu ni matatu, kwa hiyo tukaazima mizani tatu kwenye ghala la tumbaku, na karani wa mizani akaja nazo, akisema haziendi popote bila yeye. Alipima tumbaku ya kata nzima tangu ujana wake. Aliinama, akasoma, akatangaza kwa sauti ileile ya siku ya soko, nami nikajaza fomu. Pembeni ya daftari, kwa kuwa niliupenda uso wa mizani ile, niliuchora kwa penseli, na mshale wake, mara tatu, kila gurudumu na mchoro wake.

Mkaguzi alikuja kutoka Dar es Salaam, dada mwenye buti za vumbi na mizani zake mwenyewe. Alimwamkia mzee shikamoo, akakataa chai, akafanya kazi hadi saa nane mchana. Kisha akafunga kalamu. Ndege ilikuwa imezidi fomu yetu kwa kilo tatu.

"Mmeongeza nini baada ya kupima, mzee?"

Mzee alisema hakuna. Mkaguzi akaeleza kwa upole kwamba kitu kisichoandikwa hawezi kukisajili; akirudisha faili, tutafungua bawa na kuanza upya. Msimu wa moto ungetupita tena. Mzee aliweka kiganja juu ya pua ya ndege, kama anapapasa mzinga kujua kama bado kuna uhai ndani.

Nikalirudia daftari, nikalilinganisha na tarakimu za mkaguzi. Kila gurudumu lilikuwa limepungua kilo moja kamili, si zaidi, si pungufu. Kosa gani hugawanyika kwa haki namna hiyo? Ndipo nikaitazama michoro yangu. Mishale yote mitatu ilisimama palepale ilipostahili, kilo moja mbele ya nilichoandika. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikamwamini aliyesoma zaidi yangu.

Tukaenda kumwita karani. Alikuja akifunga vifungo vya shati.

"Robota la tumbaku lina gunia lake la jute," alimwambia mkaguzi. "Jute si tumbaku. Unasoma, unatoa kilo moja, ndiyo unatangaza."

"Na ndege yangu ilivaa gunia wapi?" mzee akauliza.

Karani akafunga kifungo cha mwisho. "Mdomo umezoea, mzee wangu."

Mkaguzi alicheka hadi akakaa kwenye kasha. Kisha akachukua daftari, akalinganisha kila mchoro na tarakimu zake, akasahihisha fomu na kunipa kalamu. "Weka sahihi hapa," aliniambia, "na hapa, na hapa." Sikuwahi kutia sahihi popote zaidi ya kitabu cha wageni. Nilitia mara tatu, na ya tatu ilinyooka.

Cheti kilifika kabla ya mvua. Herufi za usajili tulizipaka ubavuni kwa rangi nyeusi, mzee akishika rula, mimi nikishika brashi, na karani akisimama nyuma yetu kuhakikisha hakuna hata herufi moja tuliyoipunguza.