Lango la Kondoo Arobaini na Sita

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nimesimama langoni mwa boma letu kule Mashuuru, kondoo wanapita miguuni pangu na mimi natamka namba kama mtu anayeimba. Nitakueleza kwa nini namba. Lakini wacha nianzie Kitengela, kwa sababu kosa langu lilizaliwa huko, ndani ya chumba chenye zulia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Kitengela haikuwa hii ya magorofa unayoijua wewe. Ilikuwa barabara, kichinjio, maduka ya mabati, na vumbi ambalo ukilala unalikuta kwenye meno. Mimi nilikuwa na miaka kama thelathini na bado najiita kijana. Wengine wetu tunachelewa kukua. Shule niliiacha darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kufagia chuo kidogo cha kompyuta, juu ya duka la dawa za mifugo. Kompyuta zilikuwa nane, kila moja imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, na mtu akiingia anavua viatu mlangoni. Mimi nilivaa akala za tairi, na kuzivua ilikuwa aibu, maana soksi sikuwa nazo. Lakini hiyo ni hadithi ingine.

Mwalimu wa pale aliitwa Nasimiyu, mama kijana wa kutoka Bungoma, amepanga chumba kimoja nyuma ya kanisa. Siku moja akanikuta nimesimama mbele ya skrini na kitambaa mkononi.

"Lemayian, unapangusa hiyo moja tangu saa nne. Imekukosea nini?"

"Naangalia tu, Mwalimu."

"Basi ukae uangalie vizuri. Jumamosi wanafunzi wakienda, uje."

Ndivyo nilivyoanza. Jumamosi ya kwanza niliogopa hata kugusa vibonye. Jumamosi ya nne akanifundisha kitu anachokiita lupu.

"Ukitaka mashine iandike jina lako mara kumi," akasema, "huna haja ya kuandika mara kumi. Iambie mara moja tu: anza moja, ufike kumi, na kila raundi andika jina. Itazunguka yenyewe. Ikifika kumi inasimama."

Mwanangu, niliona jina langu likishuka kwenye skrini kwa herufi za kijani, mara kumi, nikacheka hadi Mwalimu naye akacheka. Nikabadilisha kumi nikaweka mia mbili. Lemayian, Lemayian, Lemayian, kama mtu anaitwa na kijiji kizima.

"Kuna lupu ya pili," Mwalimu akasema akichukua mkoba wake. "Hiyo haiendi na namba. Hiyo inauliza kwanza, kila raundi, kama kazi bado iko. Tutaisoma wiki ijayo."

Wiki ijayo sikuingoja. Nilienda nyumbani na ile nusu.

Nyumbani kulikuwa na kiangazi. Kondoo wa baba walikuwa wamepungua, na macho yake pia yalikuwa yameingia ukungu. Sasa, sisi hatuhesabu mifugo. Mtu akitaja namba ya wanyama wake tunasema anajitafutia msiba. Mwenye boma anasimama langoni jioni na anamwangalia kila mmoja akiingia: rangi yake, sikio lake, namna anavyotembea. Akimaliza, anajua ni nani hajarudi. Baba alipoanza kukosa kuona, alikuwa anawashika. Mkono kichwani, mkono mgongoni, anataja jina, anamwachilia. Ilikuwa kazi ndefu, na mimi niliuonea uchungu muda unaopotea pale.

Jioni ile niliyokutajia, kifua kilikuwa kimembana baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani.

"Lemayian, leo niangalizie wewe. Pole pole. Mugie yuko karibu kuzaa, na siku hizi anabaki nyuma."

Mugie alikuwa kondoo jike wa rangi ya kahawia iliyokolea. Ukoo wake ulitoka kwa kondoo ambaye mama yangu alikuja naye alipoolewa. Mama alikuwa ameshatangulia, na kwa kiangazi hicho Mugie ndiye pekee aliyebaki wa ukoo ule. Baba alikuwa anaongea naye. Usicheke. Mzee aliyefiwa ataongea na anachopata.

Sasa nikuambie siri yangu. Asubuhi ya siku hiyo, wakitoka, nilikuwa nimewahesabu kwa kujificha. Arobaini na sita. Kwa hiyo jioni nikasimama langoni: moja, nenda, mbili, nenda, tatu, nenda. Dada yangu Naisiae akapita na mtungi.

"Unasema nini wewe?"

"Lupu. Moja mpaka arobaini na sita."

"Unahesabu wanyama wa Papa?"

"Hayo ni mambo ya zamani, Naisiae. Nyinyi mnashikashika kondoo mpaka giza. Mimi namaliza kabla chai yako haijachemka."

"Ona huyu! Jumamosi nne tu, tayari ni karani!" Alicheka akaenda zake. Lakini niliona hakupenda.

Arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na sita. Nikavuta tawi la miiba, nikafunga. Sikuwa nimeangalia uso hata mmoja.

"Papa, wametimia."

"Mugie ameingia?"

Na mimi nikasema, "Ameingia."

Sikuona kama ninadanganya. Kwangu mimi arobaini na sita ilikuwa na Mugie ndani yake.

Alfajiri baba aliamka mbele yetu, akaingia zizini kuwashika kama kawaida yake. Akapata kichwa asichokijua. Kondoo wa jirani alikuwa amejichanganya na wetu kwenye maji, na alama ya sikio lake si yetu. Huyo ndiye aliyejaza namba. Mugie hakuwepo.

Hakuniamsha. Alichukua fimbo yake akashika njia ya maji, peke yake, na macho yale. Naisiae alimkuta jua limepanda, chini ya korongo, paja limevunjika. Alikuwa bado anaita jina. Juu ya korongo kulikuwa na nyayo za fisi na sufu ya kahawia imeshika kwenye miiba. Hiyo sufu ndiyo yote tuliyoiona ya Mugie.

Tulimbeba baba kwa blanketi hadi barabarani, tukampeleka hospitali Kajiado. Mguu haukutaka kupona, na kifua nacho kikazidi. Nilikaa kando ya kitanda siku mbili nikingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

Siku ya tatu nikasema mwenyewe. "Papa, niliwahesabu. Walitimia."

Aligeuza uso kwangu. Kisha akasema, "Uliuliza ni wangapi. Hukuuliza ni nani amebaki nje." Akapumua. "Hiyo mashine ndiyo ilikufundisha hivyo?"

"Ilinifundisha nusu, Papa. Nusu ingine sikungoja."

"Basi rudi ukachukue nusu yako."

Nilirudi Kitengela. Jumamosi Mwalimu akanifundisha lupu ya pili, ile inayouliza: bado kuna mtu nje? Kama yuko, inazunguka tena. Kama hakuna, inafunga. Nikaketi nikaandika majina ya kondoo wa baba, yale Naisiae alinitajia, nikikosea herufi kila mahali. Mashine ikawa inauliza mmoja mmoja, yupo? Nami najibu ndiyo. Ilipofika kwa Mugie nikajibu hapana. Ikauliza tena. Hapana. Ikauliza tena.

Mwalimu alikuja akasimama nyuma yangu. "Lemayian, hii haitaisha. Lazima uipe njia ya kusimama."

"Najua, Mwalimu. Iache kidogo."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. Baada ya muda akashika vidole vyangu, akaviweka juu ya vibonye viwili vya kuisimamisha. "Ukiwa tayari, bonyeza."

Jumatatu nilienda Kajiado kumwambia baba kwamba nusu yangu nimeipata. Nilikuta kitanda kimetandikwa na fimbo yake imeegemezwa ukutani.

Mwanangu, nimesikia umeanza kusomea kompyuta, na kwamba lupu zinakusumbua. Zikusumbue tu. Usikimbilie nyumbani na somo la nusu kama mimi. Kabla ya kuiambia mashine izunguke mara ngapi, jiulize inaangalia nini kila inapozunguka, na itajuaje kwamba kweli imemaliza. Hata nje ya mashine fanya hivyo. Mtu akikuuliza kama fulani amefika, usimjibu kwa namba iliyo kichwani mwako. Inuka, rudi langoni, uangalie. Na mzee wako akifanya kazi pole pole, muulize anatafuta nini kabla ya kumcheka.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono mwepesi. Walio wako warudi wote jioni, na kila mmoja umjue kwa jina. Ukiwa na mzee anayekungoja mahali, umkute bado anangoja. Nawe itikia baraka hii kama tunavyoitikia kwetu: Naai.