Injini Niliyomuundia Baba

Mimi ni mtu wa papara, na sijawahi kulificha hilo. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti pale Malindi, na wenye boti wananipenda kwa sababu mashine yao hailali kwangu. Basi fikiria adhabu niliyokuwa nikiipata kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Baba anaponichukua kwenda Makunduchi kumtazama shangazi. Gari lake ni kile kigari cha zamani cha mviringo, injini nyuma, rejeta hakina. Kinapozwa na upepo wa feni tu. Alilinunua kabla sijazaliwa, na hajamwachia mtu mwengine usukani. Tukifika Kitogani, bila ya kukosa, analiweka kando.

"Ishapata moto," anasema. "Ipoe kidogo."

Tunakaa nusu saa. Magari ya watalii yanatupita. Mimi nashuka, naingia, nashuka tena.

Mwaka jana akaja mtu wa hoteli moja ya ufukweni. Alitaka kulinunua aling'oe injini, alitie bustanini, na pale penye injini apande maua. Nilicheka. Baba hakucheka. "Safari haliziwezi tena," akasema, na roho ikanipasuka. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lile ndipo nusura nizaliwe. Nikamwomba anipe muda nimuundie injini nyingine, madhubuti na yenye nguvu zaidi.

"Haya," akasema. "Lakini na hiyo ikituweka njiani, gari linakwenda hotelini. Usije ukanigombeza."

Miezi saba sikutulia. Niliagiza pistoni na silinda pana kutoka nje, nikampelekea mchonga vyuma wa Ng'ambo apanue matundu ya bloku nyingine, ule mwili wa injini. Akakosea kidogo tu, nikafoka, nikaomba radhi, akaanza upya. Kuongeza nguvu si kazi. Kazi ni joto linalokuja nayo. Mafundi wa zamani walishayatupa mabati yanayoifunika injini, wakidhani wanaiacha ipumue, kumbe mabati hayo ndiyo yanayoupeleka upepo kwenye silinda. Mtengeneza majiko mmoja akanikatia mapya kutoka kwenye pipa. Nilimrudishia mara tisa, hapa pana mwanya, pale pamepinda, mpaka akaniambia, "We ungekuwa jiko, ungeshaunguza wali." Nikaongeza kipozeo kikubwa cha oili, na chini ya dashibodi nikafunga geji ndogo ya joto.

Ilipowaka mara ya kwanza nililia. Sioni haya kusema.

Ijumaa ya safari Baba alivaa kanzu mpya. Tunguu tuliipita gari likivuta kama halijabeba mtu. "Kanyaga, Baba," nikamwambia, "lina nguvu hili." "Naiona," akajibu, asikanyage. Macho yangu yalikuwa kwenye geji tu. Sindano ilisimama chini ya nusu, imetulia. Tukaupita msitu wa Jozani na mimi nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia yule mtu wa hoteli. Tulipofika Kitogani, Baba akaliweka kando.

"Ishapata moto," akasema.

Nikafungua mdomo nimbishie. Sindano haikusogea. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, haikosi pigo hata moja, wala hapakuwa na harufu ya oili kuungua. Nikageuka nimuoneshe geji, ndipo nikauona mguu wake wa kushoto, wa klachi. Ulikuwa unatetemeka ndani ya kanzu, na yeye ameukandamiza kwa mikono miwili. Jasho linamtiririka shingoni. Hakuwa akinitazama. Alikuwa anatazama mbele, anangoja nitasema nini.

Miaka yote ile, kumbe ni mguu. Injini ya zamani niliyoitukana, nikaivunja vipande na kuitoa chuma chakavu, pengine siyo iliyokuwa ikituweka njiani.

Nikisema injini nzima, gari letu linabaki, na Baba namvua nguo barabarani. Nikisema imepata moto, heshima yake inabaki na gari linakwenda kupandwa maua. Nilimkasirikia, na nikamwonea huruma, yote kwa pamoja. Nikashuka, nikafungua boneti ya nyuma, nikaitazama kazi yangu ya miezi saba. Nzuri, wallahi. Nilitamani nione hata moshi mdogo, nisiwe muongo.

"Kweli, Baba," nikasema. "Imepata moto."

"Si nlikwambia!" akajibu, na pumzi aliyoishusha niliisikia mpaka nyuma ya gari.

Wiki iliyofuata mtu wa hoteli alikuja na lori. Alipoiona injini alishangaa, akauliza nani aliyeiunda, mbona inang'ara hivi, na kwa nini tunaliuza gari. Baba alikuwa amesimama juu ya baraza, akawahi kujibu.

"Mwanangu huyu," akasema. "Mashine za boti anaziweza sana. Hizi za upepo zimemshinda."

"Zimenishinda," nikasema, nikampa mkono ashuke.