Asiyekula asubuhi alikula kiboko: shule yetu ya Rumonge wakati wa Mudachi

Wakuu, amahoro.

Haruna alianguka kwenye mustari wa shule, povu jeupe likimutoka mudomoni. Mwalimu Sefu akatukataza kumugusa. Anajifanya, alisema. Jua likamuwakia pale chini mpaka somo la hesabu likaisha. Tulipomuinua, shingo haikushika kichwa.

Huyo ni mudogo wangu, tumbo moja. Nikitia chumvi kwenye habari hii, mama yangu anikane.

Sasa nirudi nyuma.

Sisi ni watu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Baba aliingia ziwani jioni na kienge cha moto, akarudi jua limeshatoka. Na kwetu iko muiko: asubuhi moto wa jikoni hauwashwi, wala mutu hali kitu, mpaka mutumbwi uguse mchanga. Ukila kabla, unamuitia baba maji mabaya.

Cheka ukitaka. Nyumba zote za wavuvi zilishika hivyo, na hatukuwa watoto wa njaa. Baba akifika tunakula ugali na samaki wa moto, tunashiba mpaka jioni.

Shida ni ngoma ya shule. Ililia kabla mitumbwi haijarudi.

Watoto wa Jumbe Mabruki, mufanyabiashara aliyewekwa na serikali kuwa mukubwa wetu, kwao kulikuwa na watumishi. Walikuja wamekula wali wa jana uliopashwa kwa mawese, midomo inang'aa. Mukubwa wao alipenda kutuuliza, "Nyie leo mumekunywa ziwa?"

Siku moja Mudachi, Mujerumani wa serikali, akapita kutoka Usumbura kuangalia shule, akakuta sisi wa wavuvi tunasinzia. Akauliza sababu. Mwalimu Sefu alikuwa mugeni, mutu wa pwani ya mbali, hakujua. Mudachi akamugeukia jumbe, aliyekuwa amefuatana naye. Jumbe akajibu kwamba wake za wavuvi ni wavivu, hawapikii watoto.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia kwa masikio haya.

Ikatoka amri: kila asubuhi tufungue midomo, mwalimu aangalie meno. Asiye na dalili ya chakula, kiboko.

Mama akaenda kwa jumbe. Hakuomba chakula, wakuu. Aliomba ngoma ichelewe kidogo, mitumbwi ifike kwanza.

"Mama Haruna," jumbe akamuambia mbele ya wageni wake, "serikali haingoji ndagala."

Wageni wakacheka.

Tukapigwa mpaka watoto wakatafuta njia yao. Ufukweni kina mama walikuwa wanaloweka muhogo muchungu kwenye mashimo, unakaa humo mpaka sumu itoke. Tukawa tunapita, tunavunja kipande, tunatafuna, meno yanakuwa meupe kama ya mutu aliyekula. Halafu tunatema. Ukitema hujala, muiko haujavunjika, na sumu haikupati.

Kila mutoto wa ufukweni alijua: tema.

Mwalimu akaona meno meupe, akafurahi. Akasema kiboko kimewafundisha mama zetu kupika.

Haruna naye alijua kutema. Lakini jana yake ziwa lilichafuka, mitumbwi ilirudi mitupu, tulilala na maji ya moto. Asubuhi ile muhogo shimoni ulikuwa bado mubichi kabisa. Alikuwa mudogo, alikuwa na njaa.

Akameza.

Tulimuzika kabla ya magharibi. Na kwenye matanga, tumekaa chini, Jumbe Mabruki akasimama akasema ushenzi wetu ndio uliomuua mutoto.

Mudachi alikimbia, Mubeligiji akaingia, ndiye anayetutawala mpaka sasa. Mwalimu Sefu alirudi kwao, sijui kama yuko hai. Jumbe yuko hai. Leo anaitwa muzee wa hekima, anajisifu kwamba yeye ndiye aliyewaletea watu wa Rumonge elimu. Hakuna aliyemuuliza chochote, mpaka leo hii.

Mimi shule sikurudi, andiko langu mutalisamehe. Nilichojifunza ni hiki: ukiona mutoto amekuja darasani tumbo tupu, usiruke kumutukana mama yake. Uliza kwao moto unawashwa saa ngapi, na kwa nini.

Waliosoma Gitaza na Kigwena wakati ule, semeni kama na kwenu meno yaliangaliwa.

Na nyinyi wa ukoo wa jumbe, najua munasoma. Matusi yenu nitayapokea. Lakini muzee wenu mumufikishie: mama yangu bado anaishi kwenye nyumba ile ile. Aje kwa miguu yake, akae chini mbele yake, amuambie kwa nini ngoma haikuweza kungoja.